Kitabu, Nyimbo na Sinema Vilivyotupendeza



Tumeombwa jioni ya leo tuzungumze nanyi juu ya mambo yaliyotufurahisha siku hizi za karibuni: kitabu tulichokisoma, nyimbo tulizozisikia na sinema tuliyoitazama. Tulipopata ombi hilo tuliona haya kidogo. Mwalimu amezoea kuulizwa kitabu gani kinafaa. Haulizwi kitabu gani kimempendeza, na mambo hayo mawili hayakutani kila siku. Mwarobaini wafaa sana, walakini hatujapata kumsikia mtu aliyeamka usiku kwenda kuuiba. Basi leo tutaacha kazi yetu ya kuagiza dawa. Tutasema yaliyotupendeza, na pale tusipopendezwa tutasema vile vile, nanyi mtapima wenyewe.

Kitabu chenyewe chaitwa Peponi. Mwandishi wake ni Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948, akaenda Uingereza angali kijana, akakaa huko, akawa mwalimu wa chuo kikuu. Kitabu hiki alikiandika kwa Kiingereza, kikatoka mwaka 1994 kwa jina la Paradise. Miaka 27 ikapita, na wengi wetu wa huku, hata sisi walimu, hatukuwa na habari naye. Ndipo tarehe 7 Oktoba 2021 ilipotangazwa kwamba amepewa Tuzo ya Nobel ya fasihi, na siku ile kila mtu wa pwani akawa jamaa yake. Mwaka 2022 Ida Hadjivayanis akakitoa kitabu hicho kwa Kiswahili, kikapigwa chapa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota, na hicho ndicho tulichokisoma.

Kusema kweli, tulikuwa tumekwisha kukisoma kwa Kiingereza kabla ya hapo, nasi tulidhani tumekifahamu. Mama yetu mzazi, ambaye umri wake umepita miaka 70, aishi kijijini karibu na reli iendayo Tanga. Alikuwa msomaji hodari, lakini macho yake yameingiwa na ukungu, na sasa herufi humkimbia. Likizo iliyopita tulikwenda kukaa naye, tukachukua Peponi katika mfuko, kwa nia ya kujisomea wenyewe. Usiku wa kwanza akatuuliza ni kitabu gani hicho tukigeuzacho peke yetu kimya kimya, kama mtu alaye nyama gizani. Tukaona aibu, tukaisogeza taa, tukaanza kumsomea.

Kisa chenyewe ni hiki. Yusuf ni mtoto wa miaka 12. Baba yake ana hoteli ndogo katika mji uitwao Kawa, mji ulioletwa na reli ya Wajerumani, yaani Wadachi kama walivyoitwa na wazee wetu, kisha ukaanza kufifia reli ilipozidi kwenda mbele. Mara kwa mara hufika kwao mfanyabiashara tajiri, jina lake Aziz, ambaye mtoto amefundishwa kumwita kwa jina la udugu. Kila aondokapo, mgeni huyo humwachia mtoto sarafu mkononi. Siku moja Yusuf aambiwa afunge vitu vyake, atakwenda kutembea na mgeni. Apanda gari la moshi kwa furaha. Huko pwani, dukani kwa tajiri, amkuta kijana mwingine, Khalil, na huyo ndiye amwelezaye kweli: mtu huyu si ndugu yako hata kidogo, baba yako ana deni kwake, nawe umewekwa mahali pa deni hilo.

Kwa Kiingereza jambo hili lataka maelezo marefu. Kwa Kiswahili lina jina lake, nalo ni rehani, neno ambalo hata leo mtu hulitumia aendapo kukopa na hati ya shamba mkononi. Tulipokuwa tukisoma kwa Kiingereza tulilipita mbio. Tulipomsomea mama kwa Kiswahili, akainua mkono tusimame.

Akakaa kimya kitambo, kisha akasema kwamba bibi yake alikuwa na desturi ya kusema, "Sisi tulizaliwa sita." Na watoto wote wa nyumba ile waliwajua watano tu. Hata siku moja mama, angali msichana mdogo, akauliza. Bibi akamjibu kwamba wa sita, mtoto wa kiume, alipelekwa pwani mwaka wa njaa, akaachwa kwa mtu mwenye mtama. Baba yao aliahidi kwamba atarudi kumkomboa baada ya mavuno. Mavuno yakaja, na baba akaenda na mzigo wake kichwani, lakini alipofika akaambiwa mwenye mtama amekwisha kuhama kwa jahazi. Akarudi na mzigo ule ule, na bibi alikumbuka kwamba mtama ule haukuliwa na mtu, uliachwa mpaka ukaingiwa na fukusi.

"Jina lake aliitwa nani?" tukauliza.

"Bibi hakulitaja," mama akajibu. "Alisema wa sita, basi."

Sisi ni watu wa miaka 40. Tumekula katika nyumba ile tangu utoto wetu, na kwa miaka mingi tumesimama mbele ya darasa na chaki mkononi tukiandika habari za utumwa: 1873 soko la Unguja likafungwa, 1897 utumwa ukaondolewa katika sheria ya Unguja, 1922 ukaondolewa Tanganyika. Tarehe zote tulikuwa nazo. Habari ya wa sita hatukuwa nayo, nayo ilikuwa nyumbani kwetu muda huo wote, ikingoja mtu aulize. Sasa mtatufahamu tukisema kwamba kitabu hiki hakikutufurahisha kwa namna ya halua. Furaha yake ilikuwa na kitu kingine ndani yake, na usiku ule hatukupata usingizi upesi.

Hatukukubaliana na mama kwa yote. Sisi tulisema kwamba baba yake Yusuf ni mtu duni, amempandisha mwanawe katika gari pasipo kumwambia lolote. Mama akasema, "Baba" (ndivyo atuitavyo, kama wafanyavyo akina mama wengi wa kwetu), "mtu aliyemtoa mtoto wake huapizwa na wale ambao hawajalala na njaa." Tukamkumbusha kwamba yule wa kitabuni hakuwa na njaa, alikuwa na deni la biashara na haya ya kushindwa mbele za watu. Akajibu kwamba haya nayo ni njaa. Mpaka leo hatujaona la kumrudishia.

Sehemu ya kati ya kitabu yasimulia safari ya bara. Tajiri afunga msafara wa wapagazi chini ya mnyapara mkali, Mohammed Abdalla, na Yusuf achukuliwa pamoja nao kwenda ng'ambo ya ziwa kubwa. Wapita katika mvua na magonjwa, walipa hongo kwa kila mwenye nchi, na watu wao wafa njiani. Mwisho wafika katika mji wa mtawala aitwaye Chatu, naye awashambulia usiku, awanyang'anya mali yao. Kisha atokea Mzungu na askari wake, aamua kesi ambayo hakuna aliyemwita kuiamua. Wanachuo wetu wengine huona sehemu hii ni ndefu. Hawakukosea, hata sisi mara ya kwanza tulichoka miguu pamoja na wapagazi.

Hapa tuna neno ambalo twapenda mlisikie, maana walijuao ni wachache. Mwaka 1901 Mjerumani mmoja, Carl Velten, aliyekuwa mwalimu wa Kiswahili huko Berlin, alipiga chapa kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli. Ndani yake mna habari zilizosimuliwa na watu wa pwani wenyewe, kwa Kiswahili chao wenyewe. Mmoja wao ni Selemani bin Mwenye Chande, aliyekwenda bara kwa biashara mpaka ng'ambo ya Tanganyika, na katika habari yake yumo mtawala aitwaye Chata aliyewanyang'anya mali. Wachunguzi wa fasihi wameilinganisha safari ile na hii ya Peponi, wakaona kwamba Gurnah ameichota humo. Basi tazameni ilivyotembea habari hii. Ilitamkwa kwa Kiswahili na mtu wa pwani. Ikachukuliwa Ujerumani ikatiwa kitabuni. Kijana wa Unguja aliye mbali na kwao akaikuta, akaiandika upya kwa Kiingereza. Ikapita miaka, na sasa imerudi Dar es Salaam kwa lugha iliyozaliwa nayo. Jahazi nyingi hazikupata kurudi kutoka mbali hivyo.

Tulipomweleza jambo hili mwanachuo mmoja, kijana mwenye akili, akasema kwamba kitabu kilichofasiriwa ni kama majani ya chai yatiwayo maji mara ya pili, na kwamba mtu ajuaye Kiingereza hana haja nacho. Hatukubishana naye. Siku ya pili tulileta darasani vitabu vyote viwili, tukasoma ukurasa mmoja kwa Kiingereza, kisha ukurasa ule ule kwa Kiswahili, pale dukani Khalil anapomkaripia Yusuf. Waliposikia Kiingereza walinyamaza kwa adabu. Waliposikia Kiswahili, vijana wawili wa nyuma wakaanza kubishana kama Khalil ana haki ya kusema hivyo kwa mtoto mgeni, na msichana mmoja akawaambia wanyamaze kwani hawajui alivyoteseka Khalil mwenyewe. Kengele ikalia nao wangali wakibishana. Yule kijana wa chai hakusema neno, lakini tuliona baadaye kwamba ameazima kitabu, na hajakirudisha.

Tena kuna jambo dogo la kuchekesha. Katika kisa hiki yumo fundi Kalasinga, mchangamfu, mwenye maneno mengi, ambaye asema atafasiri Kurani kwa Kiswahili. Wenzake wamwuliza kama ajua Kiarabu, naye hana wasiwasi: atafasiri kutoka katika Kiingereza! Wabishana naye usiku kucha. Sasa mtu afikiri: mwandishi amecheka ndani ya kitabu chake juu ya mambo ya kufasiri kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, kisha kitabu chenyewe kikafasiriwa kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Twadhani mfasiri alipofika ukurasa ule alitabasamu.

Walakini mtu ambaye hatutamsahau ni Mzee Hamdani, mtunza bustani ya tajiri. Bustani hiyo ina ukuta, na maji, na mikomamanga, na ndani yake mzee huyo hupita kimya akinyweshea miti. Alikuwa mtumwa. Bibi yake alipotaka kumpa uhuru, alikataa kuupokea. Yusuf amwuliza kwa nini, na jawabu la mzee, tukilisema kwa maneno yetu, ni kwamba uhuru si kitu cha yule bibi hata akaweza kumpa mtu. Mwanafunzi mmoja aliandika katika daftari lake kwamba mzee huyu ni mjinga, na mwingine akaandika kwamba ndiye mtu huru peke yake katika kitabu kizima. Tuliwapa wote wawili alama nzuri.

Lawama yetu kwa mwandishi ni moja. Wanawake wa kitabu hiki wamefungiwa nyuma ya ukuta wa bustani, nasi tumefungiwa nje pamoja na Yusuf. Amina, ambaye Yusuf ampenda, ameteseka kuliko wote, naye apewa nafasi ndogo ya kusema. Mara tu tuanzapo kumsikia, mlango wafungwa. Pengine ndivyo ilivyokuwa nyumbani mwa matajiri wale, na mwandishi hakutaka kutudanganya. Hata hivyo tuliona njaa.

Na mwisho wake! Askari wa Kijerumani wafika, vita vya mwaka 1914 vikikaribia, wakamata vijana kuwafanya wapagazi na askari. Yusuf na Khalil wajificha dukani. Hatari yapita. Kisha Yusuf, ambaye amekwisha kuokoka, atoka mbio kuwafuata askari wale wale. Kitabu chaishia hapo. Mama akatuuliza zimebaki kurasa ngapi. Tukamwambia hakuna. Akataka tuusome ukurasa wa mwisho tena, tukausoma, na alipousikia mara ya pili akasema polepole, "Basi labda hakuchukuliwa na jahazi. Labda alikwenda mwenyewe." Tulijua hasemi habari za Yusuf. Tukamwuliza zaidi, naye akasema amechoka, tuzime taa.

Sasa tuje kwa nyimbo. Kesho yake mama alikuwa akichagua mchele uani, naye akaimba kwa sauti ndogo wimbo ambao hatukuwahi kuusikia kinywani mwake. Tukamwuliza ni wimbo gani. Akasema ni wa Siti, alioupata kwa mama yake, na mama yake aliupata katika santuri ya jirani. Yatupasa kukiri kwamba sisi tulilelewa katika shule iliyotufundisha kuimba kwa sauti nne, nasi twashukuru kwa hilo mpaka leo. Lakini shule hiyo hiyo ilitufundisha kwamba taarab ni mambo ya watu wasio na kazi ya kufanya. Ndivyo tulivyofika miaka 40 pasipo kumsikiliza Siti binti Saad hata mara moja kwa makini. Mpwa wetu akatoa simu yake, akazitafuta nyimbo hizo za kale, naye akazipata kabla mama hajamaliza ungo wa mchele.

Huyu Siti alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, karibu na mwaka 1880, katika nyumba maskini, akapewa jina la Mtumwa. Alifanya kazi ya kutembeza vyungu. Mwaka 1911 akaenda mjini, akajifunza kuimba pamoja na wapiga ala, na sifa yake ikapanda mpaka majumba ya wakubwa yakamfungukia. Wakati ule taarab ya jumba la Sultani ilikuwa ya Kiarabu. Yeye aliiimba kwa Kiswahili, ili hata mchukuzi wa bandarini aelewe. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake mpaka Bombay kutiwa sauti katika santuri za kampuni ya His Master's Voice, na santuri hizo zikarudi zikaenea pwani na bara. Alifariki mwezi wa Julai mwaka 1950. Shaaban Robert aliandika maisha yake, nasi twaona kwamba kitabu hicho ni miongoni mwa vilivyo bora alivyoviandika, ijapokuwa wanafunzi hupewa vingine zaidi.

Msitegemee kupendezwa mara moja. Sauti za santuri zile zina mikwaruzo, kama mahindi yakaangwayo, na masikio yaliyozoea ngoma nzito za siku hizi hayapati pa kushika. Usiku wa kwanza hatukuona kitu. Usiku wa pili tukaanza kusikia jinsi udi na fidla zinavyomngoja mwimbaji, na jinsi naye asivyofanya haraka. Usiku wa tatu tukasikia maneno. Kuna wimbo mmoja, Kijiti, wasimulia jambo lililotokea kweli Unguja: mwanamke mja mzito aliyetoka Dar es Salaam kwenda kutembea aliuawa na mtu wa jina hilo, naye mwuaji akatorokea bara, na hukumu ikawaangukia wanawake waliokuwa na marehemu katika matembezi yale. Gazeti la serikali halingeandika uchungu wa jambo hilo. Siti aliuimba, ukatiwa katika santuri, na watu waliokwisha kufa siku nyingi wangali wakilalamika humo. Twajua wimbo huo kwa sababu mtu mmoja, ambaye hakupata elimu ya darasani, aliona kwamba habari ya mwanamke maskini yastahili udi na fidla. Tulipokuwa tukiusikiliza tulimkumbuka wa sita, ambaye hakupata mwimbaji.

Kwa sinema hatutakaa sana, kwa kuwa mengi yake lazima yaonwe kwa macho. Jina lake ni Vuta N'kuvute, imetengenezwa na Amil Shivji kutoka katika riwaya ya Adam Shafi yenye jina hilo hilo, iliyotoka mwaka 1999. Sinema yenyewe ilionyeshwa kwanza mwaka 2021 huko Toronto, nchi ya Kanada, na mwaka 2022 Tanzania iliichagua kuwa ndiyo itakayoshindania tuzo ya Oscar kwa niaba ya nchi. Yasimulia mambo ya Unguja katika miaka ya 1950, chini ya Waingereza: Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mume aliyempita mbali kwa umri, akimbia ndoa ile, akutana na Denge, kijana apiganiaye uhuru. Mapenzi yao yafuatwa nyuma na polisi.

Tuliitazama katika ukumbi wa chuo, juu ya shuka nyeupe iliyotundikwa ukutani. Katikati yake umeme ukakatika. Twawajua wanachuo wetu. Hotuba ikikatika kwa umeme, ukumbi huwa mtupu kabla mshumaa haujawashwa. Usiku ule hakuna aliyeondoka. Walikaa gizani muda mrefu, wale waliokwisha kusoma riwaya wakiombwa na wenzao waseme yatakayofuata, nao wakakataa kwa kiburi kikubwa. Umeme uliporudi walipiga makofi kama waliopata mvua.

Lililotupendeza zaidi ni masikio kuliko macho. Watu wa sinema hii wasema Kiswahili cha Unguja kama kisemwavyo uani na barazani, wala hakuna asimamaye kukieleza kwa mgeni. Mwajuma, rafiki yake Yasmin, achezwa na Siti Amina, ambaye ni mwimbaji kweli, nasi tuliotoka kwa santuri za Bombay juzi tu tulijua tumesikia mjukuu wa sauti ile. Lisilotupendeza ni kwamba picha ni nzuri kupita kiasi. Katika riwaya, Ng'ambo ina vumbi na jasho na kelele za majirani. Katika sinema hata vumbi laonekana limepangwa. Tena riwaya ni nene, na sinema haifiki hata saa mbili. Watu kadha wa kadha tuliowapenda kitabuni wamepita dirishani tu. Aliyeitazama asidhani kwamba amesoma.

Kwa ajili hiyo tumeanza kumsomea mama riwaya yenyewe. Yeye yuko kijijini nasi tuko chuoni, kwa hiyo twasoma kwa simu, kila Jumapili baada ya chakula cha jioni, kurasa kumi au zaidi kwa kadiri ya salio. Ametuonya tusithubutu kusoma mbele bila yeye, naye hutupima kwa maswali. Tumefika pale Yasmin anapokwenda Ng'ambo kutafuta hifadhi kwa Mwajuma, hana mume, hana ndugu atakayempokea. Salio likaisha hapo hapo. Mama amekwisha kutuma salamu mara mbili kwa jirani kuuliza kama msichana yule amefunguliwa mlango, nasi tumekataa kusema. Leo ni Jumapili, na saa yetu imekaribia, mtatusamehe tukiondoka.

Kwa herini.